Mikebe Kumi na Sita ya Ciakuthii

"Na usiniite mwongo mbele ya karani," alisema Ciakuthii. "Uongo wangu naujua wote, mmoja mmoja, nimeulea mwenyewe. Huu si wangu."

"Basi sema kwa nini uliongeza taa," alisema Runji.

"Na wewe sema kisiki kilitoka wapi."

"Kisiki kilikuwa mahali pake. Taa ndizo hazikuwa mahali pake."

"Umesikia, karani? Hedimani anasema mahali pa kisiki ni ndani ya kiwanja cha ndege cha Serikali. Andika upesi kabla hajayameza maneno yake."

Elphas hakuandika. Alikuwa na karatasi moja na kalamu ya kuchovya. Runji alishika nyuma ya mgongo fimbo yake ya uhedimani, ule ukuu wa kijiji aliopewa na Serikali. Teresia, jirani wa Ciakuthii, alikuwa amekaa kando ya ukuta. Ciakuthii alijifanya anatafuta ugoro kwenye pindo la nguo, na ugoro wenyewe ulikuwa umemwagika wote jana, kila mtu anajua.

Kilikuwa chumba cha karani katika posti ya gadi, wale walinzi wa kijiji wa Serikali, kuta za udongo na mabati juu, chini ya Embu, mwaka ule wa hamsini na tano ambapo watu walikuwa wameshahamishwa kwenye mashamba yao wakasongamanishwa vijijini, na kila kijiji kimezungushiwa handaki. Sakafuni ilipangwa mikebe kumi na sita iliyowahi kuwa ya samli, mistari miwili, minane huku na minane huku. Kila mkebe ulikuwa na mchanga ndani na utambi wa gunia, na yote pamoja ilinuka mafuta ya taa hadi macho yakawasha. Nje ya mlango lori limesimama, na dereva amelala chini yake kivulini. Lori hilo lingeondoka saa sita mchana kupeleka wanawake kizuizini, na mwanamke akifika huko aliweza kukaa miaka mitatu bila mtu kukumbuka kumuuliza swali la pili.

Jambo lenyewe halikuwa na mafumbo. Ndege ya Serikali ilikuwa imelala kiwanjani na bawa moja limevunjika. Karatasi ya Elphas ilitakiwa kumwambia bwana mkubwa wa wilaya ni kwa nini. Karatasi ikisema taa, Ciakuthii anapanda lori. Ikisema kisiki, Runji anavua kofia yake ya uhedimani, na huenda akapanda lori yeye.

"Mimi nimekufuta kamasi, Runji," alisema Ciakuthii. "Nilipoolewa kwa kaka yako ulikuwa huwezi hata kufunga mbuzi. Leo unataka kunifunga mimi."

"Hapa si nyumbani, shemeji."

"Naona. Nyumbani ungekuwa umeshanikaribisha uji."

Huyo ndiye Ciakuthii. Hakukanyaga mlango wa shule hata siku moja, ila mara ile alipoingia kumfukuza mbuzi wake, na hata hiyo alitoka anasema amesoma. Alizaliwa mwaka wa nzige, wale waliokaa juu ya nyumba zikabonyea. Mumewe, marehemu Nyaga, alikuwa mtu mpole aliyekufa kwa homa ya siku nne, akamwachia mabinti wawili, nao wakaolewa mbali, ng'ambo ya mto Thuci, mmoja akafika hadi Kangeta. Akabaki peke yake. Akaishi kwa kusaga ugoro na kuuza sokoni Embu, ugoro ambao kwa maneno yake ulimfanya mzee mmoja kupiga chafya tangu Jumatatu hadi Alhamisi, na alipomaliza akajikuta anasikia kwa sikio lililokuwa limekufa miaka kumi.

Lakini alichojulikana nacho zaidi ni moto. Siku hizo kibiriti kilikuwa cha wenye nacho. Wengine moto wao ukizimika waliomba kaa kwa jirani. Ciakuthii alikuwa fundi wa kubeba kaa. Aliliweka kwenye kigae cha chungu, akalifunika kwa jivu na mavi makavu ya ng'ombe, akatembea nalo kwenye upepo na mvua, likafika limelala tu, akalipuliza likaamka. Aliwahi kumpelekea binti yake aliyejifungua kaa la jiko la nyumbani mwao, mwendo wa siku mbili, akavuka Thuci na kigae kichwani na maji kifuani. Ukimsikiliza sana, maji yalikuwa juu ya kichwa na kaa liliwaka chini ya maji, na samaki walikuja kulitazama. Lakini kwamba kaa lilifika, hilo hata Runji asingeweza kulikana.

Ndiyo maana walipotafuta mtu wa taa za kiwanja walimchukua yeye.

Kiwanja chenyewe kilikuwa chembamba kama njia ya mbuzi wawili wasiosalimiana. Ndege ilitua mchana tu, na hata mchana bawa lilifagia vichaka. Halafu hospitali ikaanza kuhitaji vitu kwa haraka, na haraka haingoji jua. Wiki tatu kabla ya haya, rubani alikuja giza likiingia, wakamwashia taa za chemli mbili tu, moja huku na moja kule, naye hakujua kama nafasi iko kati ya taa hizo au nje yake. Gurudumu lake moja lilishuka kichakani. Aliponea tundu la sindano.

Yule rubani, kijana mwekundu mwenye miguu mirefu, alirudi siku iliyofuata akakipima kiwanja kwa hatua zake, Elphas akimfuata na daftari. Akasema mambo mawili. La kwanza, upana uongezwe hadi hatua hamsini, vichaka vikatwe na visiki ving'olewe pande zote mbili. La pili, taa ziwekwe mistari miwili, kila mstari ukingoni mwa upana huo mpya, ili mtu akiwa juu aone mlango wa kuingilia na kuta mbili za moto. Hapo akitua katikati hana la kuogopa. Na akataja idadi ya taa za kila mstari.

Kazi ya upana ilipewa Runji na wanawake wa kazi ya lazima. Kazi ya taa ilipewa Ciakuthii na Teresia. Elphas alikuja akawaelekeza kwa Kiembu. Kuhusu idadi alisema hivi: sita, halafu na moja.

Ciakuthii akamtazama Elphas, Elphas akatazama viatu vyake.

Maana namba ile inayofuata sita haitajwi hivi hivi na mtu wa kwetu. Ndiyo namba ya laana. Tangu zamani za mababu, mwizi asiyejulikana akitafutwa, wazee walipiga jiwe la laana mara hizo, na aliyeiba akaanza kuvimba tumbo kabla hawajafika nyumbani. Mtoto akihesabu mbuzi, akifika hapo anasema sita na mwenzake, kisha nane. Mwanamke hawezi kuwasha moto mafigani kwa vijiti vya namba hiyo. Na kuweka mioto ya namba hiyo mstari mmoja, na mingine namba hiyo hiyo ikitazamana nayo, halafu mtu apite katikati? Hilo hata adui hafanyiwi bila baraza la wazee kukaa.

Hayo yalikuwa ya zamani. Lakini Hali ya Hatari iliyatia ubaya mpya. Watu wa msituni walikuwa wameichukua namba hiyo wakaitia kwenye kiapo chao. Kuonja mara hizo, kupita mara hizo. Nao wachujaji wa Serikali, wale waliokaa wakiuliza watu maswali kutwa, walikuwa wameshajifunza. Mtu akishtuka kwa namba hiyo, aliulizwa ni nani aliyemfundisha kushtuka. Kwa hiyo ikawa haitajwi kwa sababu mbili, na sababu yenyewe ya kutoitaja nayo haitajwi. Watu walikuwa wakiikwepa kama wanaokwepa shimo gizani, kila mmoja akijifanya anatembea tu.

"Tutaongeza moja kila upande," Ciakuthii alimwambia Teresia wakiwa peke yao.

"Karani hakusema hivyo."

"Mtu anatoka hewani, peke yake, usiku, anakuja kwenye moto wangu. Anayekuja kwenye moto wangu ni mgeni. Mgeni hawashiwi moto wa namna hiyo."

Akaenda mjini kwa Hassan muuza nyama akamwomba mikebe miwili zaidi ya samli. Hassan akampa na hakuuliza. Mikebe hiyo akaiweka mwisho wa chini, ule ndege inapoingilia, mmoja kila upande.

Sasa sikia yaliyotokea jana yake.

Saa moja na nusu, giza limeshika. Ciakuthii amekwisha kupita na kigae chake, mkebe hadi mkebe, na mistari miwili ya moto imenyooka vizuri hata yeye mwenyewe akaogopa uzuri wake. Ilikuwa inaonekana hadi Uhabeshi. Alikuwa amesimama kando ya mkebe wake wa mwisho kule chini, Teresia upande wa pili. Wakaisikia ndege kabla ya kuiona. Halafu wakaiona, nyeusi, imekuja chini mno, ikapita juu ya vichwa vyao na upepo ukamvua Ciakuthii shuka ya mabegani na ugoro wote. Shuka hiyo iliokotwa mbali kule Ishiara wiki iliyofuata, ikiwa imefuliwa.

Ndege ikagusa nyasi karibu na mikebe ya chini. Ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikaenda ikipunguza mwendo, sawa, sawa kabisa, ila imeegemea kulia kidogo. Na ina haki ya kuegemea, maana taa za kulia bado ziko mbali. Kisha pakatokea mlio ambao Ciakuthii hakuwahi kuusikia maishani, na yeye alikuwa amesikia mengi na kuyaongezea mengine. Kama mti mkubwa kuvunjika, lakini ndani yake mna kitu kama chombo cha bati kinacholia. Ndege ikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Bawa likainama likachimba ardhi. Halafu kimya.

Hakupiga kelele. Watu walisema baadaye alipiga. Miguu ilimpeleka yenyewe. Alikuta mlango wa ndege unasukumwa kwa ndani, na yule kijana mwekundu akatoka, mkono mmoja umening'inia vibaya, mwingine umekumbatia sanduku. Akaliweka chini, akalifungua kwa meno, akahesabu kilichomo kwa mwanga wa taa. Zilikuwa chupa. Ndani ya chupa mlikuwa na damu.

Ciakuthii akakaa chini hapo hapo kwenye nyasi. Alikuwa ameambiwa ndege inaletea hospitali damu, akadhani ni namna ya kusema. Sasa aliiona, damu ya watu, imetiwa kwenye chupa kama mafuta ya nyonyo, na hakuna hata moja iliyomwagika. Alikaa akiitazama mpaka wakaja kuichukua. Ni siku hiyo moja tu, watu wanasema, alipoona kitu na asiweze kukiongezea.

Na usiku huo huo gadi wakaja mlangoni kwake.

"Ulikuwa unajua unachofanya," Runji alikuwa akisema sasa, huku akiielekeza fimbo kwenye mikebe. "Uliagizwa idadi. Ukaongeza. Ukavuta taa, ukampoteza Bwana rubani, akaenda nje ya kiwanja akapata kisiki. Mtu asiye na nia mbaya anaongeza taa ya nini?"

"Ya kuonea."

"Shemeji, usicheze. Karani, muulize. Muulize aliongeza ya nini. Akikujibu vizuri, mimi nitanyamaza."

Hapo Ciakuthii aliona Runji anajua. Anajua kabisa ya nini, kama anavyojua kila mtu mle ndani, na anajua kwamba Ciakuthii hawezi kulisema. Ukweli wake ulikuwa ule ule unaompandisha lori. Upande wa pili wa ukuta wachujaji walikuwa wakinywa chai. Vikombe vilikuwa vikisikika.

Mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfuta kamasi. Alimtazama usoni akashindwa kumpata yule mtoto mahali popote.

"Nyanya," alisema Elphas, taratibu, "uliongeza kwa nini?"

"Nilipenda."

"Siwezi kuandika ulipenda."

"Basi andika sikusoma. Mtu asiyesoma anakosa hesabu."

"Anauza ugoro sokoni miaka ishirini," alisema Runji, "na hajakosa hesabu hata ya punje. Teresia alikuwepo. Muulize Teresia."

Wote wakageuka. Teresia alikuwa mtu wa kuokoka. Hakuwa amesema uongo tangu siku ile aliyosimama kanisani akaungama, na jambo hilo liliwatia watu wa kijiji hofu kuliko bunduki za gadi. Ciakuthii alimpenda kama dada, ila siku zote alihakikisha Teresia hamwoni akifanya jambo la maana.

"Ulikuwepo?" Elphas aliuliza.

"Nilikuwepo."

"Ni nani aliyesema taa ziongezwe?"

"Ni yeye."

Runji akapumua.

"Alisema kwa nini?"

"Alisema."

Vikombe vya upande wa pili vilinyamaza, au Ciakuthii alidhani vimenyamaza. Alimtazama Teresia. Mwanamke huyu, aliyelala naye chini ya paa moja wakati wa kuhamishwa, aliyeshirikiana naye sufuria moja na blanketi moja, sasa angefungua mdomo na kumtia kwenye lori kwa ajili ya kupenda kweli.

"Alisema mgeni hawashiwi moto wa namna hiyo," alisema Teresia.

"Wa namna gani?"

Teresia alitazama mikebe, akatazama dirisha, akamtazama Elphas.

"Niulize jambo jingine, karani. Hilo nikilijibu nitakuwa nimesema kweli."

Elphas akachovya kalamu na hakuandika. Wino ukadondoka ukafanya doa kwenye karatasi ya Serikali. Hakulifuta.

"Umeona," alisema Runji, sauti imepanda. "Kuna siri. Kuna mtu aliyemtuma. Karani, andika taa. Andika, lori linangoja."

Ciakuthii akainuka. Magoti yalilia, akayaacha yalie. Akaenda akasimama kwenye mstari wa kwanza wa mikebe, karibu na miguu ya Runji.

"Sawa," alisema. "Nimeshindwa. Nitaweka dole gumba kwenye karatasi. Lakini mimi ni mtu wa giza, karani, sijui hata kosa langu lina ukubwa gani. Mmesema niliongeza. Niliongeza juu ya ngapi?"

"Unajua," alisema Runji.

"Nilijua. Kile kishindo kimenitoa hesabu zote kichwani. Shemeji, wewe ni mtu wa Serikali, umevaa kofia. Nihesabie mkebe kwa mkebe, nione ule wa kosa ni upi, nikafungwe kwa ajili yake nikiujua sura."

"Karani, huyu anatupotezea muda."

"Inafaa ihesabiwe," alisema Elphas. "Karatasi itataka idadi."

Runji akamtazama karani, akaitazama mikebe. Akanyoosha fimbo yake akagonga mkebe wa kwanza.

"Moja," alisema. Mkebe ukalia kitu cha bati. "Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita."

Fimbo ikagonga mkebe uliofuata. Runji akakohoa, akagonga wa mwisho.

"Nane," alisema.

Runji mwenyewe alikuwa hajasikia alichokifanya. Alikuwa amesimama na fimbo juu ya mkebe wa mwisho, akijiona amemaliza kazi. Kisha akahesabu kwa macho, akaona fimbo imegonga mara nane na mdomo umesema mara chache kuliko fimbo, na uso wake ukabadilika rangi kama ugali uliomwagiwa jivu.

"Sikusikia vizuri," alisema Ciakuthii. "Masikio yangu bado yana ndege ndani. Rudia, shemeji."

"Nane. Ni nane. Zilitakiwa zipungue moja."

"Sikatai. Ila mmoja ulipita bila jina. Ule pale, wa pili kutoka mwisho. Anaitwa nani?"

Runji akagonga tena, haraka, kama anayetaka kupita mahali pa mbwa. "Moja mbili tatu nne tano sita, na mwenzake, nane."

"Na mwenzake," alisema Elphas polepole.

"Ndiyo kusema kwetu, karani. Wewe si mgeni."

"Mimi si mgeni. Lakini karatasi ni mgeni. Karatasi haijui mwenzake." Elphas alikuwa ameshuka sauti hadi ikawa inasikika mle ndani tu. "Mzee, naandika kwamba hedimani wa Serikali alihesabu taa mbele yangu mara mbili, akaruka mkebe mmoja mara mbili. Bwana mkubwa ataniuliza ni kwa nini. Nimwambie nini? Au nimwite mmoja wa hao wanaokunywa chai aje akuulize mwenyewe?"

Runji akakaa kwenye kiti cha karani bila kukaribishwa. Jasho lilitoka chini ya kofia likashuka kando ya masikio, na hakuwa na mkono wa kulipangusa, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika fimbo ile. Ilikuwa inatisha kumtazama. Ciakuthii alikuwa ametaka kumcheka, alikuwa amejiandalia kicheko tangu fimbo ilipogonga wa sita, lakini kilipofika kinywani kikageuka kitu kingine. Mtu mzima, mwenye wake wawili na kofia, ameogopa mkebe wa samli. Na yeye mwenyewe aliuogopa vile vile. Na karani, aliyeagiza kwa sita halafu na moja, naye. Watu wanne chumbani, na mkebe mmoja umewakalisha wote.

"Shemeji," alisema Runji. Ni mara ya kwanza siku hiyo neno hilo lilitoka bila miiba. "Unataka nini?"

"Nataka kisiki."

"Watanivua kofia."

"Kichwa kitabaki."

Nje dereva aliamka, akapiga miayo, akafungua mlango wa lori, na mlio wa mlango ule ukawapita wote mwilini.

"Niliwapeleka kwenye kahawa yangu," alisema Runji hatimaye, akiiambia sakafu. "Wale wanawake wa kazi ya lazima. Siku tatu. Miche ilikuwa imesongwa na magugu. Ikabaki siku moja ya kiwanja. Upande wa kushoto waling'oa vizuri. Upande wa kulia walifyeka juu juu, visiki vikabaki chini ya majani. Nikamwambia Bwana rubani hatua hamsini zimekwisha."

Teresia akafumba macho. Yeye na Ciakuthii walikuwa wamepita upande huo wa kulia jioni, wamebeba mafuta na moto, wakikanyaga majani laini yaliyofyekwa, wakisema jinsi kazi ilivyofanywa vizuri.

"Kwa hiyo taa zake zilikuwa ukingoni mwa hatua hamsini," alisema Elphas.

"Zilikuwa."

"Na kisiki?"

"Ndani. Hatua kumi na mbili ndani ya taa."

Ciakuthii akashika ukuta. Alikuwa amepigana asubuhi nzima kwa ajili ya kisiki hicho na hakuwahi kufikiri ni hatua kumi na mbili. Alikuwa amedhani mbili, tatu, kosa la mtu mvivu. Hatua kumi na mbili ni upana wa boma zima. Yeye ndiye aliyewasha moto akamwambia yule kijana kwa moto wake: njoo, hapa ni salama, pana nafasi hadi hapa. Naye akaamini, akiwa na damu ya watu mapajani.

"Runji," alisema, na sauti yake haikuwa na mchezo wowote. "Ulinifanya nimdanganye mtu."



Elphas alichovya kalamu. Wakamsikia akiandika, mkwaruzo mmoja baada ya mwingine, mrefu kuliko walivyotazamia. Aliandika upana, akaandika upande wa kulia, akaandika kisiki, akaandika na kahawa. Mahali pa idadi ya taa aliandika kwamba zilitosha na ziliwaka vizuri. Kisha akageuza karatasi upande wa Runji na kuweka kidole mahali pa sahihi.

Runji akaitia sahihi. Akaishikilia karatasi kwa ncha, hataki kuiachia.

"Lakini kahawa uitoe, mwanangu," alisema, akiinama karibu na karani kama anayenunua. "Kahawa inahusu nini na ndege? Andika majani yalikuwa marefu. Andika mvua. Andika kwamba wanawake wenyewe walikuwa wachovu, na jua lilikuwa linazama, na kwamba mimi binafsi nilikuwa nimeamuru..."

Mlango ukasukumwa. Rubani akaingia ameinama kukwepa boriti, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, akasimama kati ya mikebe na kumtazama Runji, na karatasi iliyokuwa mkononi mwa Runji. Runji akaiachia ncha ya karatasi, na kahawa ikabaki humo.